Koti la Mjomba Lameki

Hivi wanangu, mnajua mtu anaweza kushindwa uchaguzi akiwa msibani, marehemu hata hajafukiwa? Mimi nimeona! Nakumbuka siku hiyo, nilikuwa kigoli, Mwingereza bado yupo, na Kilosa kila ukigeuka ni mkonge tu.

Mjomba wangu Lameki, msomi wa misheni, aligombea kiti cha Baraza la Kutunga Sheria. Wenzake wanadai uhuru upesi, yeye anasema, "Pole pole ndio mwendo. Tukikimbia, mila za wazee zitaanguka njiani." Na watu walimsikiliza, msidhani. Kura zenyewe hazikuwa za kila mtu. Wapigaji ni makarani, manyapara, watu wa reli, wenye kisomo na mshahara. Wakata mkonge walitazama tu.

Basi akafa karani mmoja wa shambani, ndugu yetu. Wapiga kura karibu wote wakaja kuzika. Jua kali, mjomba akavua koti, akalitundika mtini. Maganga, Mnyamwezi wa reli, mtani wetu, akalivaa! Akatembea kifua mbele kama mjomba, akapiga magoti kaburini:

"Marehemu, nipe kura yako! Wewe ndiye huna haraka!"

Jamani, tulicheka na machozi yetu mashavuni. Si ndiyo kazi ya mtani msibani? Unamrudishia neno, unampa chochote, yamekwisha. Mjomba je? Akamvua koti kwa nguvu.

"Mshenzi wewe! Nitakupeleka kwa Bwana Shauri, mkuu wa wilaya!"

Bibi yangu, mama yake mzazi, akamwambia mbele ya watu, "Lameki, mila unayoitetea mikutanoni ndiyo hiyo umeivua koti."

Siku ya kura akaangushwa vibaya. Jioni Maganga akaja na jogoo kwapani. "Pole, mtani. Sasa lete koti, wewe huna safari tena." Mjomba akacheka mpaka akakaa chini. Lakini kicheko kilishachelewa.

Wanangu, hasira hasara. Ukitaka watu wakufuate, kubali wakucheke kwanza. Na ukisema unapenda mila, ipende hata ikikugusa wewe. Mungu awape mioyo mipana kama mbuga ya Mkata.

Juzi mjukuu wangu Rehema kaja kutoka Tindiga, anataka udiwani. Nikamsimulia haya. Akanishika mikono.

"Bibi, nakuahidi. Watani wakivaa kanga yangu, nitawaongezea na viatu."