Kompyuta Ilikuwa Nzito, Nikasema Ni Mikono ya Mama Stella

Kosa ni langu. Nalisema mapema kwa sababu najijua: nikiachiwa nafasi ya kuzungukazunguka nitamsingizia tajiri, nitalisingizia jenereta, mwishowe mtanionea huruma. Msinionee. Mimi mwenyewe nikijikumbuka najionea kinyaa.

Ilikuwa ile miaka biashara zilipofunguliwa, kila aliyepata fedha za korosho anataka kufungua kitu. Hapa Newala tajiri mmoja, nitamwita Baba Zuhura, alifungua ofisi ya kutaipu na kutoa kopi karibu na soko. Aliweka jenereta uani na kompyuta moja ya mtumba iliyotoka Dar. Tuliofanya kazi pale tulikuwa wanawake wawili, mimi na Mama Stella.

Mama Stella alikuwa mpiga chapa mstaafu wa serikali. Ndiye aliyenifundisha kutaipu. Alikuwa ananifunika mikono kwa khanga, ananisomea barua ya mtu huku napapasa herufi, nikikosea ananipiga kikofi cha bega na kucheka.

"Macho ya nini, mwanangu? Acha vidole vikumbuke."

Yeye alitaipu huku anamtazama mteja usoni na kumwulizia habari za nyumbani. Watu walioleta barua zao walibaki dirishani hata baada ya kuhudumiwa, wanasikiliza tu vile vidole.

Baba Zuhura akanipeleka Dar kusomea kompyuta. Nilirudi na kichwa kikubwa, natembea kwa madaha kama vumbi la Newala silijui. Kwenye mkoba nina diski za mfumo mpya wa kompyuta, ule ambao ofisi moja ya Masasi ilikuwa tayari imeuweka na wateja wanausifia rangi. Baba Zuhura alikuwa anaumwa roho kwa ajili ya hiyo ofisi ya Masasi.

Sasa sikilizeni. Mwalimu wetu wa Dar alituonya waziwazi. Alisema mfumo ule unataka mashine yenye memori ya kutosha, ukiuweka kwenye mashine kuukuu utaitesa bure. Nilisikia vizuri. Lakini nilitaka watu waone nimesoma.

Nikauweka. Kioo kikapendeza, muziki ukapiga mashine ilipowaka, Baba Zuhura akawaita majirani waje kuona. Wakajaa mlangoni. Mama Stella akakaa kwenye kiti chake, akaanza barua mbele yao.

Vidole vyake vilifika mwisho wa mstari, kioo bado kiko neno la pili. Akaacha kubonyeza, akasubiri. Herufi zikaja kama maji ya bomba letu, kimya kwanza, halafu zinakohoa zote kwa pamoja. Akidhani hakubonyeza, anabonyeza tena, herufi zinatoka mbilimbili. Akifuta, kufuta nako kunachelewa, kukija kunakula neno zima.

"Mwanangu," akaniuliza, "mbona hii mashine haiitiki?"

Nilijua kwa nini haiitiki. Pale mlangoni watu wananitazama mimi, msomi wa Dar. Nikacheka kidogo, nikasema, "Mashine ni mpya kabisa ndani, Mama. Labda mikono. Umri nao."

Watu wakacheka. Yeye pia akacheka, akaitazama mikono yake.

Ningeweza kuishia hapo, ikawa utani mbaya wa siku moja. Sikuishia. Baba Zuhura alipotaka kuhakikisha, nilikaa mimi nikataipu polepole, makusudi, herufi moja naingoja itokee ndipo nabonyeza nyingine. Kila kitu kikaonekana sawa. "Mbona kwangu inakwenda?" nikasema. Uchafu wa namna hiyo haukuhitaji kufundishwa Dar, nilikuwa nao mwenyewe.

Kazi zikaanza kurudishwa. Kadi za harusi zenye jina la bwana harusi lililorudiwa herufi. Mtihani wa shule wenye maneno yaliyoliwa nusu. Kila kazi ikirudi, Mama Stella anaomba radhi, na mimi napanga karatasi.

Alikwenda hospitali, hawakuona kitu. Ndugu zake wakasema ni dalili za kupooza, afadhali aache kazi mapema. Wengine wakasema kuna mtu kamfunga mikono kwa uchawi. Kwa hilo hawakuwa mbali sana na ukweli, ila walikuwa wanamtafuta mtu huyo kwa majirani.

Akawa anakuja kazini mikono inanuka mafuta ya dawa. Siku moja akaniomba nimchue mkono wa kulia, kwamba mwenyewe haupati vizuri. Nikakaa naye kwenye benchi, nikamchua. Vidole vile vilikuwa vizima, vina nguvu kuliko vyangu.

"Hapa panauma, Mama?"

"Hapaumi," akasema. "Ndiyo maana naogopa. Kinachouma kinatibika."

Nikaendelea kumchua. Dada zangu, kaka zangu mnaosoma hapa, niliendelea kumchua! Mpaka leo nikisikia harufu ya mafuta yale chakula hakipiti.

Baada ya muda akaaga, akahamia Nanganga, kule chini bondeni, kwa binti yake Stella. Stella akajifungua mtoto wa kike, akampa jina la bibi yake. Nikaenda kutoa pongezi. Nilimkuta Mama Stella amekaa mkekani, mikono ameificha ndani ya khanga. Stella akamnyooshea kichanga.

"Mama, mpokee somo wako."

"Mlaze hapa mkekani nimtazame. Mikono hii itamwangusha."

Aliyekuwa anamwogesha mtoto ni jirani. Bibi mwenye jina lake anakaa pembeni, anaelekeza kwa mdomo tu, "Msugue mgongo, shika shingo." Mimi nikala ugali wao na kunde, nikanawa, nikapanda basi nikarudi Newala.

Miezi kadhaa baadaye fundi mmoja alipokuja kutengeneza mashine ya kopi, akaigusa na kompyuta, akashangaa. "Nani kaibebesha hii mzigo wote huu?" Akaurudisha mfumo wa zamani. Baba Zuhura akabonyeza kibodi kwa kidole kimoja, herufi ikaruka palepale. Akabonyeza haraka haraka ovyo, zikatoka zote. Akageuka kunitazama.

"Kwa hiyo yule mama wa watu mikono yake ilikuwa mizima?"

Nikaanza kukusanya karatasi mezani.

"Utakwenda kumwambia wewe mwenyewe," akasema.

Nikaahidi. Halafu nikasema msimu wa korosho upite kwanza, kazi ni nyingi. Msimu ukapita. Nikasema mvua zipungue, barabara ya kushuka bondeni ni utelezi. Kila nilipopata sababu nilipumua, na kila nilipopumua nilijichukia. Baba Zuhura akaacha kunisalimia. Ndipo nikaenda.

Mtoto nilimkuta anakimbia uani.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda. Unaumwa?"

Nikamwambia yote. Mwalimu wa Dar, memori, ule ujanja wa kutaipu polepole, kumchua huku najua. Stella alikuwa anapepeta mahindi, akaushusha ungo. Mama Stella akaitoa mikono yake kwenye khanga, akaifumba, akaifumbua. Nilikuwa nangoja anitukane. Niliyataka matusi yale.

"Kwa hiyo nilikuwa naweza kumbeba," akasema.

Akamwita mjukuu wake, akamnyooshea mikono yote miwili. Mtoto akaitazama ile mikono ambayo haikuwahi kumshika, akarudi nyuma, akajificha kwenye gauni la mama yake na kuanza kulia. Stella akamsukuma taratibu, "Nenda kwa bibi," akazidi kulia. Mama Stella aliiacha mikono yake hewani muda mrefu. Kisha akairudisha ndani ya khanga.

"Nenda, mwanangu," akaniambia. "Usije ukaachwa na basi."

Alisema mwanangu. Ningeona nafuu angeniita mbwa.

Wewe unayesoma haya, kama umeleta kitu kipya ofisini kwako kikawa kizito, sema leo kwamba umekosea. Watu watakucheka na kesho watasahau. Usimwache mtu mzima aanze kujichua mafuta kwa ugonjwa uliompa wewe kwa mdomo wako, maana siku ukimwambia ukweli mikono itapona papo hapo, na mtoto aliyepaswa kubebwa atakuwa ameshajifunza kutembea.