Mlango wa Mkono wa Kushoto

Kwenye banda la mbao, seremala alikuwa akiinua kila ubao kwa mkono wa kushoto. Ubao mbichi aliurudisha: maji matupu, ukikauka utapinda kama upinde. Mwingine ulikuwa mwepesi lakini laini, hata ukucha uliuchimba, akautupa pembeni. Mwishowe alishika ubao wa mkangazi, mkavu, mwepesi, mgumu. Akaugonga, ukalia vizuri, akachagua na nyingine za namna hiyo.

"Fundi, na huo mkono wa kulia umemkopesha nani?" muuzaji alimtania, amchangamshe kidogo.

"Ni mlango wa jikoni," seremala akajibu. "Ule wa zamani mzito mno. Mama watoto amepooza upande wa kulia, anasukuma kwa kushoto tu."

 Juzi tu muuzaji alikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza la mama huyo. Seremala naye alisikia alichokisema mwenyewe, lakini moyo ulikuwa umekufa ganzi, akaona hakuna haja ya kujisahihisha.

"Basi shemeji hatapata shida," muuzaji akasema polepole, akamsaidia kujitwika mbao.

Jioni mlango ulikuwa tayari. Ulifunguka kwa kidole kimoja. Seremala akaufunga, akasimama nje, akangoja usukumwe kutoka ndani.