Mlango Baina ya Majlisi na Jiko

Juzi nilikwenda Hail, mtaa wa Maskati, kukabidhi funguo za nyumba yetu. Mnunuzi, kijana mwenye adabu zake, alizunguka vyumba vyote akisifu, mpaka alipofika majlisi, chumba cha kupokelea wageni, akasimama. Alinyoosha kidole kwenye mlango unaotoka hapo moja kwa moja hadi jikoni, akaniuliza ni fundi gani aliyefanya kosa kama lile. Nilicheka kwa heshima. Nilipoingia garini nililia, na nakwambia wewe kwa sababu yeye sikumwambia kitu.

Bibi mzaa baba alikuja Maskati akiwa mtu mzima, kutoka kijimji cha Pemba ambacho nusu ya nyumba zake zilijengwa na babu yake. Babu huyo aliishi karne ya kumi na tisa. Hakuchora kwa kalamu. Alipojenga nyumba yake ya kwanza alimbebesha mkewe mtungi wa maji, akamwambia atembee kiwanjani kama atakavyokuwa akienda na kurudi, naye akamfuata nyuma akipigilia vigingi. Njia ile ndiyo akaifanya ya nyumba zake zote: unaingia, unageuka kulia ili aliyeko mlangoni asione ndani, unafuata ukumbi hadi mwisho, na mkono wa kushoto ni jiko. Tajiri mmoja alitaka yake iwe tofauti, akaambiwa atafute fundi mwingine.

"Siku ya msiba," bibi alikuwa akituambia, "wanawake wa mji mzima wanaingia jikoni kwako. Sasa wamuulize mfiwa jiko liko wapi?"

Sisi tulijifunza njia hiyo kwa mchezo. Alasiri, bibi akishamaliza kukaanga buni na nyumba nzima inanukia kahawa, alipanga mito ya majlisi sakafuni iwe kuta, akatufunga macho kwa kanga yake. Anayefika "jikoni" bila kukanyaga mto alipewa kipande cha mkate wa ufuta. Mimi nilikuwa hodari. Kaka yangu alibomoa kuta zote na mkate akala vilevile. Baba akirudi kazini aliiruka ile mito akapita zake. Alikulia Pemba katika mojawapo ya nyumba zile, lakini sikumsikia akiitaja hata siku moja.

Kisha bibi akaanza kusahau. Yalianza majina yetu, ukafuata mji aliomo. Kila asubuhi alitoka chumbani kwake, akaingia majlisi, akageuka kulia, akaenda hadi mwisho, akageukia kushoto, na pale palikuwa na ukuta. Aliupapasa kwa viganja vyote viwili.

"Nani kanizibia njia? Nnataka kwenda jikoni, watu wana njaa."

"Hapa si Pemba, mama," baba alimwambia, akamshika mkono na kumzungusha kwa nje hadi jikoni, upande wa pili wa ukuta. "Tuko Maskati."

Haikupita muda alikuwa amerudi palepale. Viganja vikaanza kuchubuka. Siku moja baba ana wageni wake wa kazini, watu wakubwa, bibi akaketi chini ya ule ukuta akalia kwa sauti kama mtoto mdogo. Wageni waliaga kabla ya kahawa.

Kesho yake akaja fundi na nyundo. Mama alishika kichwa. "Yaani wageni wako wakae hapo wanatazama masufuria yangu?"

"Wayatazame," baba akasema.

Vumbi lilikaa katika mazulia kwa siku nyingi. Asubuhi ya kwanza bibi alikuja, akageukia kushoto, akapita, akachukua mwiko wake. Hakushangaa wala hakumshukuru mtu, maana kwake mlango ulikuwapo siku zote. Aliutumia miezi michache tu, kisha akatutoka. Wanawake waliokuja msibani walipita humo humo na mabirika yao ya kahawa, na mama hakuulizwa kitu na mtu.

Mnunuzi atauziba, ni haki yake. Nyumba ya Pemba nayo nimesikia imeshaanguka, na majirani wamechukua mawe. Baba sasa anakaa nami Al Khoudh, mtaa mwingine wa Maskati, katika fleti ya kupanga ambayo sijui hata aliichora nani.

Wiki iliyopita, asubuhi, nilimkuta mwisho wa sebule, mkono wa kushoto, anapapasa ukuta. Upande wa pili ni kwa jirani, na ukuta wenyewe si wangu. Maneno yake mwenyewe, kwamba hapa si Pemba, sikumrudishia. Nilimshika mkono nikamzungusha taratibu mpaka jikoni, nikamvutia kiti.

Akatazama huku na huku, akaniuliza kama mama yake ameshaamka.