Kichinjio Changu

Mimi si mwoga. Nimezaa saba, nimezika watatu, na nyoka aliyeingia jikoni kwangu nilimponda kwa mchi nikaendelea kusonga ugali. Shule niliishia darasa la tatu, lakini hapa mtaani kwetu Lizaboni watu wakigombana wananiita mimi kwanza. Kwa hiyo ninaposema kwamba neno moja lilinitia hofu, na hofu yangu nusura imwue mjukuu wangu, mjue sisemi kwa kujipamba.

Binti huyo nimemlea mwenyewe tangu mama yake alipofariki. Amemaliza kidato cha sita. Katika ukoo wetu hakuna mwingine, na msiponiuliza nitawaambia hata hivyo. Alasiri moja aliingia jikoni amevaa kizibao kipya, anacheka peke yake.

"Bibi, nimepata kazi! Naandikisha wapiga kura. Siku saba hapa mtaani, pale shuleni. Halafu siku saba nyingine kule Mpitimbi, kijijini kwenu kabisa."

"Mungu mkubwa," nikasema.

"Na wewe kesho uje mapema, uchukue kichinjio chako."

Mwiko ukanisimama mkononi. "Nichukue nini?"

"Kichinjio, bibi. Kila mtu anachukua chake." Akabeba ndoo yake akaenda kuoga.

Ili mnielewe, lazima niwaambie nilikokulia. Kijijini kwetu tulilelewa na hofu ya chinjachinja. Hao walikuwa watu wanaotembea na gari, wanamkamata mtu, wanamning'iniza kichwa chini, wanamkinga damu kwenye ndoo wakauze. Hakuna aliyewaona. Ila kila mtu alikuwa na jirani ambaye shangazi yake aliwaona. Tukisikia mngurumo wa gari, sisi watoto tulikuwa tunalala kifudifudi ndani ya mahindi, mdomo umegusa udongo. Ladha ya ule udongo ninayo mpaka leo. Na mama alitufundisha dalili: kabla hawajaja, hutangulia mtu mwenye karatasi, anaandika majina.

Nilipoolewa, mtu mwenye karatasi akaja kweli. Tukampa kigoda, tukampa togwa, akaandika majina yetu nyumba kwa nyumba. Baada ya wiki chache likaja lori. Tukaambiwa tutoke, tunahamia kijiji kipya kando ya barabara. Paa letu wakalitia moto ili tusirudi, na mahindi yalikuwa bado darini. Damu hakuchukuliwa mtu. Lakini tangu siku ile, kichwani mwangu karatasi ya majina na ule moto ni kitu kimoja.

Kura nilipiga zamani, enzi za picha ya jembe na picha ya nyumba. Baadaye ikawa mume wangu anakwenda, mimi nabaki. Alisema mguu mmoja unatosha nyumba nzima. Alipokufa, mguu nao tukauzika.

Basi usiku ule mjukuu wangu akanieleza kazi yake huku anakula. Kuna mashine ina taa nyekundu. Mtu anaweka vidole juu ya taa. Kuna kamera inamulika uso. Jina linaingia. Halafu unapewa kichinjio. Ningemuuliza palepale maana yake tungecheka tukalala. Lakini mimi ni bibi ninayejua kila kitu. Nikaendelea kutafuna kama mtu aliyeelewa.

Kesho yake sikwenda shuleni. Nikaenda mashineni kusaga. Wanawake tulikuwa sita kwenye foleni, kila mtu na debe lake.

"Jamani," nikasema, "mnajua kinachogawiwa pale shuleni?"

"Si kadi za kura?"

"Kadi! Mjukuu wangu mwenyewe ndiye anayekamata vidole vya watu. Kinaitwa kichinjio. Unaweka vidole kwenye taa nyekundu, taa inavuta."

"Inavuta nini?"

"Nikutajie mimi? Mwilini mwako chenye rangi nyekundu ni nini?"

Mama mmoja wa Tunduru, anayeuza dagaa kibarazani, akashika kifua. "Audhubillahi! Mimi sukari imenikausha, hiki kidogo kilichobaki nacho wakichukue?"

Tukacheka mpaka unga ukatupalia. Nilijisikia vizuri, nasema ukweli. Hofu ukiigawa kwa wenzio inakuwa nyepesi kidogo. Sikujua kwamba huko ilikokwenda inanenepa.

Siku ya tatu mjukuu wangu akarudi amechoka. "Bibi, vijana wanakuja, wanaume wanakuja, ila wanawake wa mtaa wetu siwaoni. Wanaizunguka meza yangu kwa mbali kama kuna mbwa mkali."

"Labda wana palizi."

"Na wewe una palizi?"

"Mgongo," nikasema, nikaushika.

Siku ya tano, saa nne asubuhi, simu ikalia. Mdogo wangu wa kiume, yule aliyebaki kijijini. Hakusalimia vizuri.

"Dada, huko mjini mmesikia? Chinjachinja wanakuja huku."

"Acha upuuzi."

"Upuuzi? Wana gari, wana karatasi ya majina, wana taa ya kunyonya damu kwenye vidole. Habari imeletwa na abiria wa haisi kutoka huko mjini. Kuna bibi mmoja wa Lizaboni, mtu mzima, anaheshimika, ndiye amethibitisha. Mjukuu wake ndiye anayekamata vidole. Vijana huku wameshachonga fimbo. Wanasema huyo binti akishuka tu kwenye gari, hafungui begi lake."

Nikakaa chini, pale pale uani, juu ya magunzi. Maneno yale niliyatambua. Yalikuwa yangu. Yalitoka kinywani mwangu yakiwa mzaha wa mashineni, yakapanda haisi, na sasa yalikuwa yanamsubiri mtoto wangu na fimbo.

"Wewe hukuwaambia kwamba huyo binti ni damu yetu?" nikamuuliza.

"Niseme mimi ni babu yake chinjachinja, dada? Na mimi nina nyumba ya nyasi."

Mjukuu wangu aliporudi nilimwambia yote. Kwanza aliangua kicheko. Alipoona sicheki, akakaa.

"Bibi, kichinjio ni utani tu wa mjini. Ni kadi. Wanaiita hivyo kwa sababu kiongozi asiyefaa unamkata nayo. Kisu unashika wewe. Anayechinjwa ni uongozi wake, si mtu."

"Kwa nini basi hukusema kadi?"

"Kila mtu anasema kichinjio!"

"Utani wenu utakuua. Usiende. Sema unaumwa."

"Nisipokwenda atakwenda mwenzangu, apigwe yeye. Na kijiji kikikataa kuandikwa, siku ya kura watabaki wanatazama. Si wewe unayelia kila masika kwamba daraja lao limechukuliwa na maji na hakuna anayewasikiliza? Nani amsikilize mtu ambaye hayupo kwenye daftari?" Akavua kizibao, akakikunja. "Mkubwa wangu nitamwambia. Labda watatupa mgambo."

Mgambo mwenye bunduki. Gari. Karatasi ya majina. Ilikuwa hadithi ya mama yangu mwanzo hadi mwisho, ndoo tu ndiyo ilikuwa haijatajwa.

Siku ya saba, ya mwisho pale shuleni, nilivaa kitenge cha Jumapili nikaenda. Nilipita kwanza mashineni. Nikawaambia wale wanawake, "Nilisema uongo. Njooni mtazame nikifa." Walinifuata wanne, pamoja na mama wa dagaa, wakasimama mlangoni. Hakuna aliyeingia.

Nisiwadanganye. Kujua kwamba ni kadi hakukuniondolea hofu. Kichwa kilijua, tumbo lilikuwa bado limelala kifudifudi kwenye mahindi. Mjukuu wangu aliniuliza jina langu kama vile hanijui, ndivyo kazi inavyotaka, nikalitaja, nikaona analiandika. Nikasikia harufu ya moshi. Moshi haukuwepo.

Akanishika mkono akaweka vidole kwenye ile taa. Mashine ikalia. Akarudia. Ikalia tena.

"Inasemaje?" nikauliza.

"Haisomi, bibi. Alama zimefutika."

Jembe lilikuwa limezifuta. Miaka yote ile ya kulima, ngozi imekuwa laini kama mpini. Mlangoni nikasikia mama wa dagaa ananong'ona, "Haina cha kuvuta, amekauka." Mjukuu wangu akachukua kitambaa chenye maji, akanifuta kidole kimoja kimoja polepole, kama nilivyokuwa namfuta yeye makamasi. Mashine ikakubali. Kamera ikanimulika nikafumba macho, akasema tena, nikayafumbua sana. Kadi ikatoka ina joto kama chapati.

Nikatazama vidole vyangu vyote kumi. Hakuna hata tundu la sindano.

Wanawake wale wanne wakaingia.

Gari la waandikishaji lilikuwa liondoke asubuhi iliyofuata, bila mgambo; hawakupatikana. Niliomba nipande, mkubwa wao akakataa, hairuhusiwi. Basi nikamwita kijana wa bodaboda kabla jua halijachomoza. Umri wangu huu, nimekaa upande, nimemshika kijana wa watu kiunoni, vumbi linaingia hadi kwenye meno. Nilichoomba njia nzima ni kufika kabla ya lile gari.

Nikafika. Mbele ya ofisi ya kijiji vijana walikuwa wamekaa ukutani kwa safu, wengi kuliko nilivyotegemea, kila mmoja na fimbo mpya, nyeupe, imemenywa maganda. Wanawake walisimama nyuma yao na michi ya kutwangia. Hakuna aliyekuwa anapiga kelele. Kelele ningeiweza. Kile kimya ndicho kilichonishinda.

Aliyesimama kwanza alikuwa mrefu, mtoto wa mdogo wangu. Nilimbeba akiwa na wiki mbili. Fimbo ikamwelemea mkononi, hajui aiweke wapi.

"Shangazi, shikamoo."

"Marahaba. Fimbo ya nini?"

Akatazama wenzake. "Shangazi, chinjachinja wanakuja."

"Wameshafika. Ni mimi. Yule bibi wa Lizaboni aliyewaletea habari ni mimi, na nilisema uongo kwa sababu niliogopa. Anayekuja na gari ni mjukuu wangu. Mkitaka kumpiga mtu kwa maneno haya, aliyeyasema huyu hapa."

"Wamekutuma, shangazi," akasema mwingine nyuma. "Wameshakunyonya, sasa wanakutumia. Mtu aliyenyonywa husema wanachotaka wao."

Watu wakaguna. Nikasikia mbali, upande wa bondeni, gari linabadilisha gia. Miili yote ikageuka kuelekea kule. Nami nikasikia ladha ya udongo mdomoni. Kama ningekuwa mtoto ningelala chini.

Nilimnyang'anya mwanamke wa karibu kisu chake cha kuchumia mboga. Nikajikata dole gumba, si kidogo. Damu ikatoka, ikanitiririka mkononi, ikadondoka kwenye kitenge changu cha Jumapili.

"Hii hapa!" nikapiga ukelele. "Jana nimeweka vidole vyote kwenye ile taa. Iliyonyonywa ni ipi? Njooni mtazame!"

Hakuna aliyesogea. Kisha akatoka bibi mmoja, tuliyecheza naye utotoni, tuliyelala naye kwenye mahindi yale yale. Akanishika kidole, akakibinya, damu ikatoka zaidi. Akanusa. Ndiyo, alinusa.

"Ni ya mtu," akawaambia. Halafu akasema, "Lete hicho kichinjio tukione."

Nikampa kadi kwa mkono mzima. Akaisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu.

"Mbona hapa umetoa macho kama mbuzi aliyeonyeshwa kisu?"

Mwanamke mmoja akacheka. Mmoja tu, lakini alitosha. Gari liliposimama uwanjani nilikuwa nimeshasimama mlangoni pake, mgongo wangu umeegemea kioo cha mjukuu wangu. Alipotaka kushuka nikamwambia, "Bado." Nikasubiri mpaka yule bibi mwenzangu aliposogea kwenye meza iliyotolewa ofisini na kusema yeye ataandikwa wa kwanza, akifa wamzike karibu na mumewe.

Hakufa. Aliandikwa, akapigwa picha, akakaa kando yangu anajipepea na kadi yake.

Vijana waliweka fimbo chini, lakini hawakuzitupa. Waliziegemeza kwenye ukuta wa ofisi, karibu, mtu anaweza kuifikia kwa hatua mbili. Mtoto wa mdogo wangu aliandikwa huku jicho lake moja liko kwenye yake. Nami sikurudi mjini. Nililala kwa mdogo wangu, na kila asubuhi nikaja kukaa kati ya meza na ule ukuta, kidole kimefungwa kitambaa, natazama fimbo. Kila siku zilipungua. Mwenyewe anapita, anachukua yake, anakwenda nayo kuswaga ng'ombe.

Siku ya saba ikabaki fimbo moja. Nyeusi, ya zamani, ina rungu kichwani. Niliiogopa kutwa nzima. Kila mwanamume alipokaribia ukuta, nilinyanyuka nusu. Jioni, mjukuu wangu ameshafunga mashine kwenye begi, akatokea mzee mmoja mwenye mguu mbovu. Akanipita, akaishika ile fimbo, akaiegemea.

"Nimeisahau tangu asubuhi," akasema. "Nilikuja kuandikwa, nikarudi nyumbani nimeshikilia ukuta wa watu."

Mjukuu wangu akafungua mlango wa gari. Safari hii hakuna aliyesema hairuhusiwi. Nikapanda.