Mafuta kwenye jiwe la Korintho: nilimdanganya mlinzi, Mama Furaha akanikatalia hapohapo

Habari zenu wakuu, wa nyumbani na sisi tuliotawanyika huku ughaibuni.

Ninachoandika kimenitokea mwenyewe, sijasimuliwa. Na kuna sehemu kinaniaibisha, kwa hiyo mjue sijaja hapa kuwanywesha chai. Nilichobadilisha ni majina tu. Uzi una urefu kidogo, mwenye haraka apite kushoto tusigombane.

Mimi ni Mtanzania, naishi Birmingham, mitaa ya Erdington. Kazi yangu ni kutunza wazee kwenye care home. Kanisani kwetu tumechanganyika: Wakenya ndio wengi, hasa ma-nurse, sisi Wabongo tuko wa kuhesabu, halafu kuna familia za Kikongo kutoka pande za Uvira na Bukavu.

Mimi ndiye katibu wa fellowship. Fomu ya shule, barua ya council, appointment ya hospitali, vyote vinaishia mezani kwangu. Najifanya najua kila kitu. Mke wangu ananiita wakili asiye na cheti, na ananiita hivyo mbele za watu.

Sasa kati ya watu wanaoniletea karatasi zao yupo Mama Furaha. Ni Mkongo, mama mpole, mjane, anafanya usafi hospitali moja upande wa Edgbaston. Alifika Uingereza kama mkimbizi na binti yake mdogo, Furaha, miaka mitatu wakati huo. Leo Furaha ana miaka kumi, ukimsemesha Kiswahili anakuelewa vizuri tu, ila anakujibu Kiingereza cha Birmingham.

Tulikuwa tunajua ana mtoto mmoja. Kumbe ana mwingine, mkubwa, anaitwa Neema.

Vita ilipofika kwao Neema alikuwa na miaka tisa, siku ile alikuwa ametumwa kwa bibi yake kijiji cha pili. Mama alikimbia na huyu mdogo mgongoni. Baadaye akaletewa habari kwamba nyumba ya bibi imechomwa na hakutoka mtu. Akaamini. Miaka ikapita, hadi siku moja akapokea voice note kutoka Kampala, sauti ya msichana mkubwa inasema, "Mama, ni mimi Neema."

Wakuu, mimi niliisikiliza ile voice note. Sitaki hata kuielezea.

Akaomba mtoto aletwe. Akakataliwa. DNA ilikuwa imeshaonyesha ni mwanae, hilo halikuwa na ubishi. Kilichomkwamisha ni interview yake ya kwanza alipoingia nchini: aliulizwa ana watoto wangapi akajibu mmoja. Upande wa serikali ukasema, kama kweli mlikuwa mnaishi na huyu binti kabla hujakimbia, mbona hukumtaja? Akakata rufaa, akapangiwa hearing.

Hapo ndipo mimi mjuaji nikaingia. Nikamwambia, "Mama Furaha, wewe sema ulimtaja, mkalimani ndiye aliyekosea kutafsiri. Watu wengi wametoka kwa njia hiyo."

Akaniangalia, akasema, "Kama unaona ni vile, Papa Baraka." Baraka ni mwanangu wa kwanza.

Nilikuwa namsaidia jamani. Ndivyo nilivyoona.

Sasa tuje kwenye safari. Fellowship ilikuwa imepanga siku nyingi kwenda Ugiriki kuona sehemu alizopita Mtume, na mimi katibu ndiye mratibu. Mama Furaha alijiandikisha wa kwanza. Visa yake, kwa ile travel document ya mkimbizi, ilitoka siku nne kabla ya flight, tulishakata tamaa. Hearing yake ilikuwa siku kumi na mbili baada ya kurudi.

Siku ya pili tupo Athens, tukaingia museum kubwa ya mambo ya kale. Aisee, kama hamjawahi kufika, nendeni. Masanamu ya marumaru yana mishipa ya mikono kabisa, unangoja yapumue.

Ila tulipata aibu mapema. Ma-nurse wetu wa Kikenya walijipanga pembeni ya sanamu ya kijana asiye na nguo, mmoja akakunja mkono na kubinua kiuno kuiga lile sanamu. Mlinzi akaja mbio. Kumbe kule picha unaruhusiwa kupiga, lakini kuigiza sanamu ni marufuku, wanaona ni dharau. Na usiguse kitu, mafuta ya mikono yanaharibu jiwe. Wakaomba radhi huku wanacheka chini chini.

Kuna chumba kizima cha mawe ya makaburi. Hayatishi. Yamechongwa watu wanaagana: mmoja amekaa kwenye kiti, mwingine amesimama, wameshikana mikono. Nikamkuta Mama Furaha amesimama mbele ya jiwe la mwanamke aliyekaa, na mtoto amesimama magotini pake.

Akaniuliza, "Papa Baraka, hapa nani njo alikufa? Mama ao mutoto?"

Nikasoma maelezo. Nikamwambia ni mama.

Akasema, "Afazali." Akaendelea kusimama pale hadi kundi likahamia chumba kingine, ikabidi nimrudie.

Kesho yake tukapanda coach kwenda Korintho. Njiani nikashika microphone, nikawahutubia kama headmaster: jamani, kwenye magofu hakuna kuokota kokoto, hakuna kupanda juu ya kuta, hakuna kuimba pambio. Mikono mifukoni. Mama Furaha alikuwa kiti cha mbele kabisa, anatikisa kichwa kukubali.

Korintho ya kale ni magofu mapana chini ya mlima, nguzo chache za hekalu bado zimesimama, na museum ndogo ndani ya uzio. Jua kali. Guide akatupeleka mpaka kwenye jukwaa la mawe katikati ya uwanja. Akasema hiki ndicho kiti cha hukumu, hapa Mtume alishtakiwa mbele ya liwali wa Kirumi, na liwali akaitupilia mbali kesi yake.

Watu wakapiga picha, guide akaendelea mbele. Nikahesabu kichwa kwa kichwa. Anapungua mmoja.

Kugeuka nyuma, namwona Mama Furaha amepiga magoti pembeni ya lile jukwaa, kichupa mkononi, anamimina mafuta ya upako juu ya kipande cha marumaru nyeupe. Anapaka kwa kiganja. Anaomba kwa sauti ya chini, macho kayafumba.



Sisi wenye makanisa haya ya kiroho mnatujua. Tunapaka mafuta mlango wa nyumba mpya, gari, passport kabla ya kupeleka kuomba visa. Kwetu ni jambo la kawaida kabisa. Ila lile ni jiwe la miaka karibu elfu mbili.

Nikakimbia, nikamnyanyua kwa mkono. "Mama, unafanya nini? Unataka tufungwe?" Nilimfokea vibaya, na yeye ni mkubwa kwangu. Kichupa nikamwambia weka kwenye mkoba haraka. Doa lilikuwa bichi, ukubwa wa sahani, linang'aa.

Na mlinzi huyo anakuja. Dada wa makamo, kofia pana, filimbi shingoni. Akatazama jiwe, akatutazama. Akauliza kwa Kiingereza nini kimemwagika.

Akilini mwangu ikapita hearing. Hati yake ya ukimbizi, polisi, jina kuandikwa, siku kumi na mbili. Nikatabasamu, nikasema, "Maji tu. Mama amejikwaa, chupa ya maji ikamponyoka. Samahani sana."

Yule dada akatazama jua, akasema basi yatakauka, muwe waangalifu. Akageuka aondoke.

Tumeshapona! Nikamshika Mama Furaha mkono twende.

Mama akauchomoa mkono wake. Kiingereza chake ni cha kazini, cha mop na ndoo, lakini neno maji analijua. Akamwita yule mlinzi, "Madam! No water. Oil. Me."

Akafungua mkoba, akatoa kichupa, akakinyoosha.

Nikamwambia kwa Kiswahili, meno yamebana, "Mama, umejiua! Umemuua na mtoto!"

Akanijibu, na maneno haya sitayasahau: "Papa Baraka, nimetoka mbali nikuje kuomba Mungu mbele ya kiti ya hukumu. Sasa nianze na bongo?" Bongo kwao ni uongo. "Ukisema bongo juu ya mutoto yangu, ile maombi si yangu tena."

Masikio yaliwaka moto.

Mlinzi akaongea kwenye redio yake. Haukupita muda akaja mama mmoja mtaalamu wa kutunza mawe ya kale, viatu vya vumbi, sanduku la vifaa. Akapiga magoti palepale alipokuwa amepiga Mama Furaha. Akanusa kichupa, akauliza ni mafuta gani, yamechanganywa na nini. Ni mafuta ya zeituni na manukato kidogo. Akauliza yamekaa muda gani. Nikajibu, safari hii kweli tupu.

Akapaka dawa, akafunika doa na tope jeupe zito, juu yake plastiki. Akanieleza kwamba marumaru inakunywa mafuta. Wangedhani ni maji wangeyaacha yakauke, na kufikia jioni mafuta yangekuwa yameshazama na doa lisingetoka tena. Hakupandisha sauti, na mimi ningependa angenifokea tu yaishe.

Mlinzi akaandika majina kwenye daftari lake. Akafungua hati ya Mama, akaona ni ya mkimbizi. Akauliza kwa nini amefanya vile. Mama akaeleza kwa Kiswahili, mimi natafsiri neno kwa neno, mpaka ile voice note. Nilipofika kwenye "Mama, ni mimi Neema" ikabidi nianze upya.

Yule dada akasema, "Na sisi kanisani kwetu tunapaka mafuta. Lakini tunapaka watu. Mawe yana kazi yake." Akasema taarifa ataipeleka ofisini, hawezi kuahidi kitu, ila ataandika kwamba mama alisema mwenyewe. Akamrudishia hati kwa mikono miwili.

Kwenye coach nilikaa naye. Nikamwomba msamaha kwa kumfokea. Akasema imeisha. Halafu akaongeza, "Na ile ya mukalimani, sitaisema."

Nikamgombeza tena wakuu! Sikujifunza. Nikamwambia utaharibu kesi. Akageukia dirishani.

Tulirudi Birmingham. Akamweleza wakili wake yote, ya mafuta na ya mkalimani. Siku ya hearing nilimpeleka, nikaruhusiwa kukaa nyuma.

Yule wa upande wa serikali akamuuliza swali lilelile: kwa nini hukumtaja binti yako?

Mama akajibu kupitia mkalimani: "Waliniuliza niko na watoto ngapi. Sikusema wawili, juu nilijua moja amekufa. Na kusema amekufa, kinywa yangu ilikataa. Ningeyisema, ningekuwa nimemuzika. Mimi sikumuzika."

Yule wa serikali alikuwa na maswali mengine kwenye karatasi. Akaigeuza ile karatasi, akasema hana swali zaidi. Jaji akavua miwani.

Mimi huko nyuma nilikuwa nalia kama mtoto, nimefunika uso na skafu. Hivi ningewezaje kumwambia mwanamke huyu amsingizie mkalimani? Kitu alichokuwa nacho ndani kilikuwa na uzito kuliko uongo wote nilioufikiria mimi.

Tukasubiri majibu. Kutoka Ugiriki haikuja barua yoyote. Niliandika email mwenyewe kwa ofisi yao kuomba radhi kwa uongo wangu, wakanijibu kwa ufupi kwamba doa limetoka.

Wiki ya sita akanipigia simu asubuhi, nimetoka shift. Bahasha imefika. Nikaenda kwake, nikamkuta amekaa na Furaha, hawajaifungua. Akanipa mimi nisome.

Nikaruka kurasa mpaka mwisho. Nikamwambia, "Mama, umeshinda. Rufaa imekubaliwa. Neema anakuja."

Hakupiga kelele. Alinitazama usoni, muda mrefu, akauliza taratibu:

"Papa Baraka, hapo unasema kweli?"

Wakuu, hakuwa anatania wala hakuwa ananisema. Alikuwa anauliza tu, maana hakuwa na uhakika na mimi.

Nikampa Furaha ile karatasi, nikamwambia msomee mama wewe. Mtoto akasoma kwa Kiingereza, akarudia kwa Kiswahili chake cha kuvunjika. Hapo ndipo Mama alipoanguka chini na kulia.

Neema yupo hapa Birmingham sasa, ana miezi miwili tangu afike.

Nilichojifunza: nilidhani kumsaidia mtu ni kumtafutia cha kusema. Siku hizi mtu akileta fomu namuuliza kwanza, ilikuwaje? Halafu nanyamaza, namsikiliza.

Haya, uwanja ni wenu. Wenye maswali ya safari ya Ugiriki ulizeni, nitajibu. Na wewe ambaye umewahi kumshauri mtu adanganye ukiamini unamwokoa, njoo utuambie iliishaje. Kunitukana ruksa, nimeshazoea, mke wangu alianza zamani.