Sauti Chini ya Kiti cha Babu

Ka, ka, ka, ka. Ndivyo gari letu lilivyolia msimu ule kila lilipokata kona ya kulia kuingia uani. Lilikuwa gari dogo, kuukuu, lenye harufu ya mafuta ya alizeti, na vumbi la Singida lilikuwa limeingia hadi kwenye nyuzi za viti. Kwenye barabara iliyonyooka lilikwenda kimya kama magari mengine. Baba alipozungusha usukani, mlio ulianza chini ya kiti cha mbele upande wa kushoto, taratibu, kisha haraka, kama shanga za tasbihi mkononi mwa mtu anayevuta uradi. Na kiti kile kilikuwa cha Babu. Uzee wake wote alikaa pale, tasbihi yake ya mti ikigongagonga, hadi yeye na Baba wafike Mkiwa walikouza mafuta. Sasa Babu alikuwa amelala makaburini Unyambwa, na hakuna aliyethubutu kukaa mahali pake. Mimi na mdogo wangu tulibanana nyuma ya dereva, mbali na sauti ile.

Bibi alikuwa amekaa eda. Kwetu mjane hukaa ndani mpaka muda wake utimie, bila manukato wala mapambo, na wanawake hawaendi kuzika. Kwa hiyo Bibi hakuliona kaburi. Alibakiwa na masikio tu. Kwa masikio alijua kuku yupi ametaga, nani anachota maji, na upepo umeangusha nini. Jioni gari lilipokata kona, aliweka kikombe chake chini. "Umemsikia?" aliniuliza. Mimi sikuwa mtoto wa maneno mengi. Niliitikia kwa kichwa, maana nilikuwa nimemsikia kweli.

Baba alimwita fundi Shabani, mtu wa kelele na utani. Fundi aliliendesha gari pale uani, usukani akiwa ameukata wote kulia, akizunguka polepole, kichwa nje ya dirisha. Likalia. Akazunguka kushoto, likanyamaza. Ndipo alipolala chini ya gurudumu la kushoto na kumwita Baba aone. Pale ambapo mhimili unashika gurudumu, kuna kiungo chenye gololi ndani, na kiungo kile hufunikwa na raba ili grisi isitoke. Raba yetu ilikuwa imechanika. Grisi ilikuwa imetapakaa, mchanga umeingia, gololi zinatafunana. Katika mpasuko ule fundi alichomoa kipande cha mti mkavu wa miiba. Baba alikitambua. Siku ya maziko alikuwa amelitoa gari barabarani, akakatisha kwenye vichaka ili jeneza lifike karibu na kaburi. Visiki vilikwangua chini, na hakuna aliyejali. Kumbe sauti ilianza siku ile ile, katika safari ya mwisho ya Babu.

"Ukichelewa," fundi alisema, "siku moja unakata kona na mzigo, kiungo kinaachia, gari halivuti tena. Na kama lori liko nyuma yako? Usipoziba ufa..."

"Nitajenga ukuta, najua," Baba alimalizia.

"Shabani!" Sauti ya Bibi ilitoka nyuma ya pazia.

"Naam, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Gari hilo usilifungue mpaka nitoke eda. Mwache anisindikize."

"Mama, mzee hakuwa mtu wa kusindikiza taratibu. Mimi nilimwendesha. Alikuwa anagonga dirisha, 'Ongeza mwendo, we konokono!'"

Tulisikia Bibi akicheka, kwa mara ya kwanza tangu msiba. "Ulimi wako ndio alitaka upunguze mwendo," alisema. Lakini neno lake halikubadilika, na Baba hakuweza kumvunja moyo mama yake akiwa katika hali ile. Fundi alisafisha mchanga, akashindilia grisi mpya, akafunga raba kwa ukanda wa mpira wa tyubu. Kuchelewesha tu, alisema.

Mlio ulirudi, ukazidi. Baba alipokuwa safarini, kila alasiri Mama alisimama mlangoni na kitambaa cha vyombo mkononi. Jioni moja jua lilizama na gari halijaonekana. Kuku waliingia bandani. Bibi alikaa karibu na pazia, kikombe kimepoa, na hakuniuliza lolote. Giza lilipokuwa linaingia ndipo tulipolisikia kwenye kona, ka, ka, ka, kama mfupa unaovunjika. Mama alikimbia nje. Bibi alijifunika uso kwa kanga. "Nimemweka mwanangu rehani kwa ajili ya sauti," alisema, na alikuwa anajisemea mwenyewe.

Siku eda ilipokwisha alioga, akasomewa dua, akabadili nguo. Hakwenda kwanza kwa majirani waliokuwa wakimngoja. Alikwenda moja kwa moja kwenye gari, akafungua mlango wa kushoto, akakaa kwenye kiti cha Babu. "Nizungushe," alimwambia fundi. Gari lilizunguka ua kwa kulia, likilia chini ya miguu yake, na sisi sote tulisimama kama tuko makaburini. Mkono wake ulikuwa umeshika ukingo wa kiti. Kisha alisema, "Inatosha, Shabani. Mpumzishe."

Kiungo kipya kilifungwa. Jioni iliyofuata Baba aliingia uani na Bibi hakuweka kikombe chini. Alishtuka mlango ulipofunguliwa. "Umeingia saa ngapi?" aliuliza.

Siku hizi Bibi naye yuko Unyambwa, gari tuliliuza, nami nashona nguo kwenye kibanda karibu na njia panda. Magari yamekuwa mengi, na mengine hulia kwenye kona. Najua ni raba iliyochanika na gololi zilizokosa grisi. Naweza hata kusema ni gurudumu la upande gani. Hata hivyo mkasi huuweka chini, nikangoja hadi gari limalize kona yake.