Bahasha Iliyobandikwa kwa Unga Mweusi

Nyundo ya Jost Kniskern ilinyamaza Jumatano moja ya Novemba, na bonde zima likasikia. Kwa miaka thelathini na minne watu wa upande huu wa mto Schoharie walikuwa wakiamshwa na mlio wake, akigongea pete kwenye vipipa vya siagi, hata ng'ombe walishazoea kukamuliwa kwa mdundo ule. Asubuhi hiyo kulikuwa na ukungu tu. Wanawake walitoka milangoni wakatazamana. Hakuna aliyeuliza kama mzee anaumwa. Kilichotokea jana yake kwenye meza ya kura walikijua wote, na kila mmoja alikuwa na maelezo yake.

Jost alikuwa mtu wa kushuku tangu ujana, na ndiko ufundi wake ulikotoka. Hata pipa lake mwenyewe hakuliamini. Akishalimaliza alilielekeza kwenye jua, akaingiza kichwa ndani, akatafuta uzi wa mwanga kwenye maungio. Mkewe, alipokuwa hai, alikuwa akimcheka: "Wewe ukifika mbinguni utaomba kwanza ukague mlango."

Vita vya wenyewe kwa wenyewe, Kaskazini na Kusini, vilipoingia mwaka wa pili, mwanawe wa kiume wa pekee, Marcus, alijiandikisha jeshini bila kumwambia. Jost alikuwa wa chama kilichotaka vita viishe kwa mazungumzo. Watu kama yeye waliitwa nyoka, na walioitwa hivyo walikuwa wengi hapa bondeni.

"Unakwenda kuua watoto wa watu kwa ajili ya nani?" alimuuliza.

"Baba, kule kuna watu wanauzwa."

"Na wewe utawanunua kwa damu yangu?"

Marcus alichukua koti lake akaondoka. Kwa miaka miwili barua zake zilikwenda kwa dada yake, Lany, aliyeolewa nyumba ya tatu kutoka kwa baba yake, naye alizisoma jikoni kwake kwa sauti ya chini.

Ndipo ukafika mwaka wa 1864, mwaka wa kumchagua rais huku mizinga ikiendelea kunguruma; chama cha Jost kilimsimamisha jenerali mmoja ashindane na rais aliyekuwapo. Sheria mpya ya jimbo ilimruhusu askari kupiga kura akiwa vitani. Anakunja karatasi iliyochapwa na chama cha mtu anayemtaka, anaifunga ndani ya bahasha ndogo, anaapa mbele ya ofisa, kisha anaituma ndani ya bahasha kubwa kwa mtu wa kwao anayemwamini. Huyo huifikisha mezani siku ya kura, bahasha ndogo ikiwa imefungwa vilevile.

Wiki ya mwisho ya Oktoba, Sternbergh wa posta alimwita Jost mbele ya watu, bahasha kubwa mkononi. Sternbergh alikuwa wa chama cha rais, na hiyo kazi ya posta alipewa na chama.

"Nyoka mzee! Leo umekumbukwa."

"Imefika lini?"

"Jana."

"Na usiku ilikuwa wapi?"

"Ililala na barua nyingine, Jost. Hazikufanya jambo la aibu."

Watu wakacheka. Jost aliitia kifuani akaenda nyumbani bila kuaga.

Ndani ya bahasha kubwa mlikuwa na mistari ya kalamu ya risasi: *Baba, ningeweza kumchagua mtu yeyote. Nimekuchagua wewe. Ipeleke kama ilivyo. Marcus.*

Aliisoma mara tatu. Lilikuwa neno la kwanza la mwanawe tangu lile koti litoke mlangoni, na angeshukuru akaiweka bahasha kabatini. Lakini kidole chake, kidole cha fundi, kilikuwa kimeshaona mkunjo mdogo kwenye ulimi wa ile bahasha ndogo. Gazeti moja lilisema mawakala wa kura wamekamatwa wakighushi saini za askari. Jingine lilisema maofisa wanawasimamia vijana mpaka waandike wanachotakiwa. Jost akaanza kuhesabu mikono iliyoishika bahasha ile: ofisa, karani, tarishi, Sternbergh.

Lany alimkuta dirishani alipomletea chapati za unga mweusi, unga wa ngano nyeusi.

"Baba, unafanya nini hapo?"

"Natazama mwanga."

"Hilo si pipa."

"Kuna doa, hapa juu. Unaliona? Kama mabawa ya tai. Karatasi za rais zimechapwa tai, za jenerali wetu hazina."

"Na ikiwa ni ya rais? Si kura yake?"

"Ikiwa ni yake. Kama siyo ya Sternbergh."

Lany aliweka sahani mezani. "Baba, Marcus hajasema nawe miaka miwili. Hili ndilo neno lake."

"Ndiyo maana nataka nijue kama ni lake."

Alivumilia siku kumi. Jumatatu, siku moja kabla ya kura, alikuwa anachemsha maji ya kulainishia mbao ili zikubali kupinda, na karakana ikajaa mvuke. Mwaloni ulikuwa unalegea mbele ya macho yake. Alijiambia atatazama tu, atafunga. Atahakikisha mwanawe hakuibiwa. Akaishika bahasha juu ya mvuke, na ulimi wake ukafunguka wenyewe, taratibu.

Ndani mlikuwa na karatasi ya jenerali. Mtu wake yeye, Jost. Hapakuwa na tai. Lile doa lilikuwa tope, alama ya dole gumba iliyokauka ikiwa na mistari yake yote, tope la mahandaki ya Virginia, alikokuwa Marcus. Jost aliweka dole gumba lake juu yake. Akacheka peke yake, akapangusa macho, kisha akaona gundi yote imeyeyuka.

Akakoroga ubandiko wa unga na maji, kama afanyavyo fundi kuziba ufa mdogo kwenye kifuniko. Unga uliokuwa karibu ni ule mweusi.

Kesho yake kura ilipigwa kwenye nyumba ya wageni. Mkuu wa wasimamizi alikuwa Barent Zeh, mwenye kinu, mwanachama mwenzake na rafiki yake tangu utotoni. Zeh aliipokea bahasha akitabasamu, akaigeuza, akapitisha ukucha. Punje nyeusi za maganda zikadondoka mezani.

"Jost, hii ameifunga nani?"

"Mwanangu."

"Huko mahandakini wanasaga ngano nyeusi?"

Zeh akaokota punje moja, akaisugua kati ya vidole.

"Unga huu nimeusaga mimi, ndugu yangu. Nayajua mawe yangu."

Sternbergh, aliyekuwa akiota moto, aliruka. "Kaibadilisha! Nyoka kameza kura ya mtoto wake!"

"Sikubadilisha! Fungueni muone!"

Zeh alimwinamia, akasema polepole, "Tukifungua tukakuta ni ya jenerali, si ndiyo watasema umeibadilisha?"

Jost angesema nini, ilhali yeye mwenyewe, kama angekuwa upande wa pili wa meza, asingeamini? Zeh aliandika *Imekataliwa* juu ya bahasha, akamrudishia.

Rais alishinda. Kura moja isingebadili kitu. Jost alilijua hilo, na halikumsaidia.

Baada ya wiki nyundo ilisikika tena, lakini si kama zamani. Marcus alirudi mwezi wa Juni, vita vimekwisha, amekonda, koti ni lilelile. Alisimama kwenye mlango wa karakana.

"Lany aliniandikia," alisema.

"Nilidhani wameibadilisha."

"Najua."

"Ilikuwa ya jenerali, Marcus. Tulikuwa kitu kimoja, mimi na wewe!"

Marcus aliokota kipipa kilichokuwa karibu, akakielekeza kwenye jua, akachungulia ndani, akakirudisha chini.

"Nilijua utafungua, Baba. Ndiyo maana niliweka ile uliyoitaka."

"Kwa hiyo ulinitega?"

"Sijui. Nilikuwa natumaini nitakuwa nimekosea."

"Basi wewe mwenyewe ulimtaka nani?"

"Ungeipeleka kama ilivyo, ningekwambia."

Alikaa kwa Lany siku tatu, kisha akachukua njia ya Michigan. Karakana ilifungwa kiangazi hicho hicho.

Ni miaka ishirini na moja sasa, na Jost bado anaipima ile sentensi, *niliweka ile uliyoitaka*. Siku nyingine anaamini Marcus alisema kweli. Siku nyingine anaona ni uongo wa hasira, kwamba kijana alimchagua jenerali kwa moyo wake kwa sababu naye alikuwa amechoka kuona watu wanakufa, kisha akaona uchungu kukiri. Huitoa ile karatasi ya kura, huitazama ile alama ya dole. Imekandamizwa sana upande mmoja. Mtu akibonyeza hivyo, anakuwa na hakika au anakuwa na shaka?

Lany humwambia, "Baba, mwandikie umuulize."

"Atajibu nini? Na nitajuaje kama ni kweli?"

Marcus ana kiwanda cha mbao huko Michigan na watoto wanne. Jost ana miaka themanini. Anaishi kwa Lany, chumba cha nyuma, karibu na jiko.